Pumzi Katikati ya Mwili na Akili

Mabibi na mabwana, Kiswahili chenyewe kimekwisha kutufungulia mlango wa mada ya leo, kwa kuwa neno pumzika limezaliwa na neno pumzi: tunapomwambia mtu aliyechoka apumzike, kwa asili ya neno tunamwambia airudie pumzi yake. Wahenga wa Kihindi walianzia papo hapo. Neno prana, ambalo siku hizi watoa tiba kwa mikono, wale wanaompitishia mgonjwa viganja bila kumgusa, hulifasiri kuwa nishati, latokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kupumua, nami nadai jioni hii kwamba tafsiri hiyo ya nishati imewapotosha wengi.

Tutazame Taittiriya Upanishad, mojawapo ya Upanishadi kongwe, yaani maandiko ya kale ya hekima ya Kihindi, iliyotungwa kabla ya Kristo. Humo mwanadamu anaelezwa kuwa na nafsi tano, moja ndani ya nyingine: ya chakula, ya pumzi, ya akili, ya utambuzi na ya furaha. Walimu wa Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, wa zama za baadaye waliziita kosha, yaani ala, kama ala ya jambia. Kinachonivutia ni mpangilio wake. Baina ya mwili, ambao umetokana na chakula na utarudi kuwa chakula, na akili inayowaza na kuhangaika, imewekwa pumzi. Na kila nafsi ya ndani huijaza ile ya nje, ikawa na umbo lile lile. Swali la jinsi akili inavyougusa mwili, lililomsumbua sana mwanafalsafa Descartes huko Ulaya katika karne ya 17, halikuwakabili watunzi hawa kwa namna ile, maana kati ya vitu viwili walikwisha kuweka cha tatu, ambacho kila mmoja wetu anakihisi puani mwake.

Patanjali, katika Yoga Sutra, kitabu cha kale cha vifungu vifupi (sutra) kuhusu yoga, ni mchache wa maneno kuliko hao. Sutra ya 31 ya sura ya kwanza yataja mambo yanayoandamana na akili iliyotawanyika: maumivu, kukata tamaa, kutetemeka kwa viungo, na pumzi kwenda mrama. Sutra tatu mbele yake, miongoni mwa njia kadhaa za kuituliza akili, anataja kuitoa pumzi na kuizuia. Zingatieni kwamba anayefanya kazi hapo ni mhusika mwenyewe, wala hakuna aliyemwinulia kiganja. Sisemi kwamba mapokeo ya Kihindi hayakuujua mkono wa tabibu, kwani wimbo wa 137 katika kitabu cha 10 cha Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za ibada za Kihindi, unaitaja mikono iponyayo. Lakini hata wimbo huo, kabla ya kuifikia mikono, unauomba upepo uvume ulete dawa.

Mkono unaodai kuhisi nishati ya mgonjwa bila kumgusa ulipimwa huko Marekani, kwa jaribio lililobuniwa na mtoto wa miaka 9, Emily Rosa, na kuchapishwa mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la JAMA. Watoa tiba 21 walipenyeza mikono yao yote miwili chini ya kiambaza, naye akasogeza kiganja chake karibu na mmojawapo, akiuchagua kwa kurusha sarafu, nao wakatakiwa kusema ni upi. Katika majaribio 280 walipatia mara 123. Kwa kubahatisha tu wangetarajiwa kupatia mara 140 hivi.

Pumzi, kwa upande wake, ilipopimwa haikutoka mikono mitupu. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walieleza katika jarida la kitabibu la BMJ jinsi walivyowapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra, maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Visomo vyote viwili vilipunguza pumzi hadi takriban sita kwa dakika. Moyo huharakisha tunapovuta hewa na hulegea tunapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi moyoni. Na kwa kuwa shinikizo la damu nalo lina wimbi lake la kama sekunde 10, pumzi sita kwa dakika huenda sambamba na wimbi hilo, na mwili huwa mwepesi zaidi wa kulirekebisha shinikizo lake. Natamani siku moja mtu apime dhikri za pwani yetu kwa vyombo hivyo hivyo. Hata hivyo, matokeo hayo hayanipi ujasiri wa kumshauri mgonjwa wa shinikizo la damu aache vidonge vyake.

Kabla sijapokea maswali, naomba kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, aupate mpigo, avute hewa taratibu, kisha aitoe taratibu zaidi. Vijana mtaihisi tofauti upesi. Sisi wazee mtusubiri kidogo, kwa sababu tofauti hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga.