Kibao cha Tabora, Brussels

Shimbonyi, watu wa nyumbani! Leo hamnioni na lile koti langu kubwa maana siko Brussels. Niko Moshi, nimekuja Krismasi kama Mchaga yeyote mwenye akili timamu, na hapa nimesimama stesheni ya reli. Yule mama aliyepita nyuma yangu na mkungu wa ndizi kaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na simu. Kanionea huruma kweli.

Kilichonileta hapa ni kibao cha mtaa. Katikati ya Brussels, karibu na jengo la zamani la soko la hisa, kuna kamtaa kafupi kanaitwa Rue de Tabora. Miaka saba napita pale, nasoma Tabora, naendelea na safari zangu. Juzi namwonyesha mjomba picha, yeye kafanya kazi reli maisha yake yote, akashusha miwani akaniuliza: "Wabelgiji na Tabora, wapi na wapi?" Jamani, sikuwa na jibu.

Basi nimesoma. Ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na nchi yetu, pamoja na Ruanda na Urundi, ilikuwa koloni la Mjerumani. Machi 1916 Waingereza chini ya Jenerali Smuts walipigana Latema na Reata, pale karibu na Taveta, wakaingia Moshi. Mjerumani alikuwa ameshajivuta kuelekea Kahe, akifuata reli hii hii ya Tanga iliyofika hapa mwaka 1911. Hayo shuleni tulipewa, angalau mistari miwili.

Ambayo hatukupewa ni ya upande wa pili wa nchi. Mwezi uliofuata likaingia jeshi la Mbelgiji kutoka Kongo, Force Publique. Yeye na Mwingereza marafiki, adui yao mmoja. Lakini mtazame Mbelgiji wa mwaka ule: kwao karibu kote kumekaliwa na Mjerumani, serikali yake imejibanza Ufaransa, karibu na Le Havre. Siku ya kugawana akija mikono mitupu, nani atamsikiliza? Akaitaka ardhi ya kwetu. Na wala haja yake kubwa haikuwa kwetu! Alikuwa anautamani ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, ambao ulikuwa wa Mreno, upande wa Angola. Hesabu zake: nishike kipande huku, nimwachie Mwingereza, Mwingereza amkatie Mreno kitu huku kusini, Mreno anipe mdomo wa mto wangu. Dalali wa viwanja wa Kiboriloni angekaa pembeni ajifunze.

Mwingereza naye akili zake timamu. Alimtaka Mbelgiji ampige Mjerumani kutoka magharibi, ila asitie mizizi. Ndipo zikaanza mbio za Tabora, mji mkubwa wa reli ya kati. Crewe wa Uingereza anashuka kutoka Mwanza, Tombeur wa Ubelgiji anatokea magharibi, huku wanalaumiana kuhusu wapagazi na vyakula. Tombeur akaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Crewe akafika siku chache baadaye, amekuta bendera ya rafiki yake inapepea. Ile sura yake natamani ningeiona! Tombeur baadaye akapewa ubaroni, akaitwa Tombeur de Tabora.

Hapo kwenye wapagazi tukae kidogo. Wale marafiki walikuwa wanagombania vichwa vya watu, maana mzigo ulikaa kichwani. Mwingereza alimpa Mbelgiji wapagazi kutoka Uganda, kikosi kiliitwa Carbel. Huku kwetu kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Waliokufa upande wa Mwingereza peke yake wanahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, risasi haijawagusa.

Sasa sikilizeni. Bibi yangu wa Kibosho ukichelewa dukani alikuwa anakuuliza, "Ulichukuliwa na Kariakoo?" Sisi tunacheka, tunajua anasema soko la Dar. Bibi hakuwahi kufika Dar. Hilo neno alilikuta kwa wazazi wake, na kwao Kariakoo lilikuwa jambo linalokuja kukuchukua nyumbani. Mimi nimelielewa mwaka huu, na yeye hayupo tena nimuulize ni nani hasa aliyechukuliwa.

Haya, vita vikaisha. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakawekeana saini: Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji. Ule mdomo wa mto? Mreno kagoma, akaambulia pembe ya Kionga huku kusini. Mwingereza akaona Ruanda bado imenona, akamega Gisaka upande wa mashariki apitishe reli aliyoiota, kutoka Cape, Afrika Kusini, hadi Cairo, Misri. Reli haikupita, Gisaka ikarudishwa baada ya miaka michache. Watu wa Gisaka wamebadilishiwa mkubwa mara mbili kwa ajili ya reli ya kwenye karatasi.

Mbelgiji akabaki na kilio cha bandari. Mwaka 1921 Mwingereza akampangisha maeneo yake Kigoma na Dar es Salaam, wakayaita Belbase, kwa faranga moja kwa mwaka. Milele! Uhuru ulipokaribia, 1961, Nyerere akasema Mwingereza hawezi kupangisha milele nyumba aliyowekwa kuilinda tu, maana Tanganyika alikabidhiwa kwa udhamini, haikuwa mali yake; mkataba huo sisi hautuhusu.

Jana usiku nimemsomea mjomba yote haya, mbege ipo mezani. Kanyamaza muda mrefu. Halafu: "Faranga moja kwa mwaka, bandari nzima? Stesheni pale choo tu wananitoza shilingi mia tano."

Mama wa ndizi anarudi. Nazima.