Kebo ya Hendibreki na Chumvi ya Bahari

SAUMU: Karibuni tena wapenzi wa magari ya zamani. Leo tuko uani kwa ami yangu hapa Mombasa, na mbele yetu kuna Volkswagen Beetle iliyovuliwa magurudumu ya nyuma. Ami, shikamoo.

AMI: Marahaba mwanangu. Waeleze basi yaliyokupata Likoni.

SAUMU: Nilikuwa foleni ya feri, pale kwenye mteremko. Nikavuta hendibreki mpaka juu kabisa, na gari bado lashuka! Ilibidi nikanyage breki ya mguu mpaka foleni iliposogea. Mikono ilinitetemeka hadi Mtongwe.

AMI: Breki yako ya mguu yafanya kazi kwa mafuta, ndiyo iliyokuokoa. Ya mkono ni kebo mbili, kila gurudumu la nyuma na lake, na zote zapita ndani ya vibomba vya chuma chini ya sakafu. Hii ya kushoto, itazame. Imekatika.

SAUMU: Na kwa nje yaonekana nzima.

AMI: Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Maji ya mvua na upepo wa bahari huingia pale mpira wa mwisho ulipopasuka, chumvi ikabaki ndani. Kutu yala uzi mmoja mmoja. Chukua kitambaa hiki, upitishe juu ya ile ya kulia.

SAUMU: Chanasa. Ah, hapa, na hapa tena.

AMI: Basi hiyo nayo imekwisha. Uzi mmoja ukishachomoza, sina mjadala.

SAUMU: Kuna fundi aliniambia ataiunga kwa kuchomelea.

AMI: Usikubali hata kidogo! Moto walegeza ule waya na kuchoma zinki inayoukinga. Utashika siku mbili tatu, kisha ukuachie mlimani. Kebo iliyokatika hubadilishwa, tena zote mbili pamoja. Kinachotengenezeka ni gamba la nje, ikiwa nyuzi za ndani ni nzima.

SAUMU: Gamba likipasuka wafanyaje?

AMI: Naosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nakausha kabisa, ndipo navisha ule mpira unaosinyaa kwa moto. Ukiwahi kuvisha kebo ikiwa na unyevu, umeifungia chumvi ndani. Bora uiache wazi.

SAUMU: Na hizi mpya? Naona umezining'iniza mwembeni tangu jana.

AMI: Hizi ni za aina ya kale, hazina plastiki ndani. Nimefunga mfuko wa nailoni kwenye ncha ya juu, nikatia mafuta ya injini, yakashuka usiku kucha mpaka yakatoka chini. Leo napaka grisi ile ya mashini za boti, ambayo maji hayaiondoi upesi.

SAUMU: Babu alikuwa akitumia mafuta ya nazi.

AMI: Mungu amrehemu, alitumia alichokuwa nacho. Lakini nazi huganda, ikashika vumbi, kebo ikawa nzito. Na grisi yoyote, iwe kidogo kule mwisho. Ikiingia kwenye dramu, lile pipa la breki ndani ya gurudumu, breki yateleza, utakuwa umejiharibia mwenyewe. Kisha vibomba pia huvisafisha, nikapitisha waya wenye kitambaa, maana maji hulala humo.

SAUMU: Tukaze sasa?

AMI: Kwanza rekebisha breki za mguu, zikae sawa. Gari liwe juu ya vigogo imara, lisitegemee jeki peke yake, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Vuta wenzo wa hendibreki meno mawili, kaza nati ya kebo mpaka gurudumu lizunguke kwa tabu kwa mkono. Meno manne, lisizunguke kabisa. Pande zote mbili ziwe sawa, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

SAUMU: Na likikaa wiki nyingi bila kuendeshwa?

AMI: Usiache hendibreki imevutwa, hasa wakati wa masika. Kebo huganda pale pale ilipo. Tia gia, weka mawe. Na kila mara ukivuka Likoni maji yakiwa yamejaa pale gati, ukifika nyumbani mwagia chini maji ya bomba. Haya, nipe ile spana, tuanze na upande wa kushoto.