Uzito wa Injini Uegemee Wapi

Ndugu mafundi, na ninyi mnaouza injini zilizotumika kutoka Japani, tuanze na namba ya uzito iliyobandikwa kwenye stendi ya injini, yaani fremu ya magurudumu inayoshika injini iliyotolewa kwenye gari. Nyingi zimeandikwa kilo 340, 450, 560 au 900. Mnunuzi huilinganisha na uzito wa injini yake, akalipa. Lakini namba ile haisemi umbali. Stendi hushika injini kwa nyuma tu, pale linapofungwa giaboksi, kwa bamba la bolti lililo mwisho wa bomba lake. Mwili wote uliobaki unaning'inia mbele. Kinacholikunja bomba la stendi ni uzito mara umbali wa kitovu cha uzito (pale injini ingesawazika) kutoka kwenye bamba.

Tupige hesabu. Chukua injini fupi ya silinda 4, kilo 150, kitovu chake kiko sentimita 25 kutoka kwenye bamba: 150 mara 0.25 ni 37.5. Sasa chukua ndefu ya silinda 6 za mstari mmoja, tuseme kilo 300, kitovu sentimita 45: tunapata 135. Uzito umeongezeka mara 2, mzigo kwenye bomba umepita mara 3 na nusu. Ndiyo maana stendi inayobeba injini ya 1NZ ya Probox, yenye silinda 4, bila shida inaweza kuinama ikipewa 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda 6. Kwa injini ndefu, tafuta stendi yenye namba isiyopungua mara 2 ya uzito, na iwe ya magurudumu 4. Ya magurudumu 3 hupinduka kwa ubavu upesi, hasa gurudumu likinasa kwenye ufa wa sakafu.

Sasa bolti, na hapa naomba masikio yenu, maana ndipo bloku nyingi, yaani miili mikuu ya injini, zinapoharibiwa. Bolti ya milimita 10 ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina hatua ya nyuzi (umbali wa uzi hadi uzi) ya milimita 1.5, ya milimita 12 ina 1.75. Toyota nyingi zinatumia 1.25 kwa zote mbili. Ukiilazimisha kwa spana, inaingia raundi chache huku inakata nyuzi za bloku, na kwenye aluminiamu kama ya 1NZ huwezi hata kuisikia ikikata. Bolti izungushwe kwa vidole mpaka ndani. Ikigoma, siyo yake. Iwe ya daraja la nguvu 8.8 au zaidi, na nyuzi zishike angalau mara 1.5 ya unene wake: bolti ya 10 iingie milimita 15. Tumia mikono yote 4 ya bamba, uitawanye mbali kadiri matundu yanavyoruhusu. Winchi au cheni bloku isilegezwe mpaka bolti zote zimekazwa, kisha shusha kidogo kidogo ukiangalia bomba.

Kabla ya kukaza, pima kimo. Kitovu cha uzito kikiwa juu ya bomba, siku utakayochomoa pini inayozuia bomba lisizunguke, injini itajigeuza yenyewe na kupiga mkono wa mtu. Kwa injini yenye silinda hedi, weka katikati ya bomba juu kidogo ya mstari wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukishatoa hedi, uzito umehama, kwa hiyo ishike vizuri kabla ya kuchomoa pini tena.

Stendi ya namna hii inakulazimu utoe klachi na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya kranki. Sili ya nyuma ya kranki nayo inajificha nyuma ya bamba. Kazi hizo zifanye injini ikiwa kwenye kitanda.

Kitanda ni fremu inayoibeba injini kwa mauntingi zake mbili za pembeni (vishikio vinavyoifunga kwenye gari), na nguzo ya tatu nyuma chini ya ukingo wa bloku. Kwa kuhifadhi na kusafirisha, mimi sioni mbadala wake. Mchomeleaji yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar, anaweza kukutengenezea kwa skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene 3. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ibaki hewani angalau milimita 50. Nalisisitiza hili: sampu ya bati ikibonyea inakaribiana na streina (chujio la kunyonyea oili), pampu inavuta kwa shida, na beringi zinaungua mnunuzi akiwa ameshafika nyumbani. Sampu ya aluminiamu haibonyei, inapasuka. Tairi kuukuu linafaa kwa saa chache tu, na kwa sharti kwamba sampu imezama ndani ya tundu huku kingo za bloku zikikaa kwenye mpira.

Kwa kuhifadhi, toa maji yote, kisha ziba ekzosi, njia ya hewa na mabomba ya mafuta. Hewa ya chumvi ya Tanga, Dar au Mombasa haichelewi kutia kutu kuta za silinda. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye kila tundu la plagi, si zaidi, kwani oili ikijaa juu ya pistoni kranki inagoma. Kila mwezi zungusha kranki kwa mkono, kwa upande inaozungukia, raundi 2 na robo, ili pistoni zisilale palepale.

Safarini, injini isipakiwe ikiwa kwenye stendi ya magurudumu, hata kwa mwendo mfupi. Imekaa juu mno. Funga kitanda kwa bolti kwenye paleti, kisha mikanda 4 ya kukazia, kila mmoja ukishuka kwa mshazari kwenye pembe yake. Mikanda ishike bloku au ndoano za kunyanyulia, kamwe isipite juu ya manifoldi, mabomba ya injekta wala sensa. Kamba ya katani hulegea njiani. Simama baada ya kilomita 10 ukaze tena, na ukiingia barabara ya vumbi simama mara nyingine.