Printa ya Risiti: Wino Umo Kwenye Karatasi

Ndugu zangu, printa ya risiti inayochapa kwa joto haina wino wala katriji. Rangi imepakwa kwenye karatasi yenyewe, kwa kawaida upande mmoja tu, pamoja na kemikali inayoiamsha ikipata joto. Ikwaruzeni kwa ukucha: upande unaotoa mstari mweusi ndio wenye dawa, na ndio unaopaswa kugusa kichwa cha kuchapia. Roli ikiwekwa kinyume, karatasi hutoka nyeupe pe, na mashine nzima hupelekwa kwa fundi bure.

Kichwa hicho ni ukingo mwembamba wenye vidoa vya joto vilivyojipanga mstari mmoja, mara nyingi 8 kwa kila milimita. Vumbi la karatasi na gundi vikiganda juu ya vidoa vichache, risiti hutoka na mstari mweupe juu hadi chini, palepale kila mara. Hapo wengi hukimbilia kwenye mipangilio na kuongeza weusi wa chapa. Hiyo si dawa. Joto linaongezeka, kichwa kinachakaa mapema, na uchafu unazidi kukaukia pale.

Safisheni kwanza. Zima printa, chomoa waya, subiri kama dakika 10, maana kichwa kilichotoka kuchapa kinaunguza. Toa roli. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi (ya 70 ina maji mengi mno), kisha kipitishe juu ya kichwa kuelekea upande mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Pamba ikichafuka, chukua nyingine. Msiguse kichwa kwa kidole, kwani chumvi ya jasho hukila. Wembe na bisibisi ndiyo kabisa msivisogeze. Rola ya mpira ifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi huku ikizungushwa kwa mkono. Vikauke, ndipo uwashe. Mstari ukibaki palepale, kidoa kimekufa. Hakitengenezwi, hubadilishwa kichwa.

Karatasi ikikwama, msiivute mfuniko ukiwa umefungwa: meno ya gia ndiyo yanayoumia. Roli mpya nayo ichaneni mzunguko wa kwanza, maana ncha yake ina gundi. Pimeni na upana: karatasi ya milimita 58 kwenye printa ya 80 huacha sehemu ya kichwa ikisuguana na rola bila kinga.

Roli zikae gizani, mahali pakavu pasipozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Risiti iliyokwisha kuchapwa ina maadui zaidi: jua, mafuta, sanitaiza, gundi, na mifuko ya plastiki laini ya PVC. Ukiipitisha kwenye laminesheni ya moto inakuwa nyeusi yote. Ya kutunza miaka, itoe kopi siku ileile.

Na mikono yetu je? Baadhi ya karatasi hizi zina BPA, kemikali inayovuruga homoni; Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 0.02 ya uzito tangu Januari 2020. Maandishi “haina BPA” yasiwalevye, kwani mara nyingi nafasi yake huchukuliwa na ndugu yake, BPS. Msishike risiti mikono ikiwa bado imelowa sanitaiza, kwa sababu ngozi hufyonza zaidi. Naweni kabla ya kula, na risiti za zamani zisichanganywe na karatasi za kurejelezwa.