Ukikohoa Ukavuja: Misuli ya Nyonga, Goti la Mama na Mgongo wa Bodaboda

WEKESA: Tumeketi nyuma ya soko la Kibuye, hapa Kisumu, na leo ni Jumapili, siku ambayo wauzaji hujaa mpaka wengine hutandaza bidhaa kando ya barabara. Mkisikia honi za bodaboda na mtu akinadi mitumba, mtuvumilie. Mimi ni Wekesa, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Mwenzangu ni Akinyi, mtaalamu wa fiziotherapia. Dada, umeniambia leo hutaki tuanze na mgongo wala goti.

AKINYI: Sitaki, Mwalimu. Nataka tuanze na lile jambo ambalo mgonjwa hunitajia akiwa ameshavaa viatu, ameshaaga, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Alikuja kwa ajili ya bega, tumelishughulikia, ameshukuru. Halafu anageuka, anashusha sauti: "Daktari, kuna kitu kingine. Nikikohoa, mkojo unanitoka."

WEKESA: Akiwa mlangoni.

AKINYI: Mara nyingi ni mlangoni. Na ukimuuliza limeanza lini, utasikia tangu kifungua mimba, na huyo kifungua mimba sasa yuko kidato cha tatu. Miaka yote hiyo anavaa pedi kila siku. Kanisani anakaa viti vya nyuma ili aweze kutoka bila kupita mbele ya watu. Kwaya aliiacha, maana kuna nyimbo za kuruka. Akisafiri kwa matatu kwenda Busia, hanywi chochote tangu usiku uliotangulia.

WEKESA: Sisi wanaume haya hatuambiwi.

AKINYI: Hata wanawake wenyewe hawaambiani. Wakiambiana, jibu ni lile lile: "Si umezaa? Ulitaka iweje?" Jibu hilo linaniuma sana. Kuvuja baada ya kuzaa huwapata wengi, ni kweli. Lakini malaria pia huwapata wengi huku kwetu ziwani, na sijasikia mtu akiambiwa aizoee.

WEKESA: Basi tueleze kama unavyomweleza mgonjwa. Ni nini kimeharibika?

AKINYI: Fikiria wavu wa kuvulia samaki pale Dunga, uutundike ukining'inia: ncha moja kwenye mfupa wa kinena hapa mbele, nyingine kwenye kifandugu kule nyuma. Wavu huo ni misuli. Tunaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Juu yake vimekaa kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Katikati yake hupita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa, na misuli hiyo ndiyo inayozibana. Ukikohoa, ukicheka au ukiinua ndoo, tumbo linasukuma kwenda chini kwa nguvu. Misuli ikiwa imara, inabana wakati huo huo na mkojo haupiti. Ikiwa imelegea, unapita.

WEKESA: Na inalegezwa na nini? Kuzaa peke yake?

AKINYI: Mimba yenyewe, uzito wa miezi tisa. Kuzaa kwa njia ya kawaida huinyoosha sana, na wakati mwingine huichana. Halafu kuna kikohozi kisichoisha, unene, kufunga choo na kujikamua kila asubuhi, na kuinua mizigo mizito mwaka nenda mwaka rudi. Homoni zikipungua hedhi inapokoma, tishu za huko hupungua nguvu vilevile. Angalia tu hapo nje. Yule mama anayejitwisha gunia la viazi, akiinua anakaza uso na kushika pumzi. Mimi ningemwomba jambo dogo: abane huko chini kwanza, kisha ainue huku akitoa pumzi. Hata kabla ya kupiga chafya, bana kwanza.

WEKESA: Kubana ndiyo yale mazoezi ya Kegel?

AKINYI: Ndiyo hayo. Arnold Kegel alikuwa daktari wa wanawake kule Marekani. Mwaka 1948 alichapisha maandishi akionyesha kwamba misuli hii inaweza kufundishwa kama misuli mingine yoyote. Lakini watu wengi wamesikia jina tu. Ukiwaambia wabane, wanakaza matako, wanakaza mapaja, wanashika pumzi. Na wapo wanaosukuma chini kana kwamba wanazaa, kumbe wanaizidishia misuli mzigo.

WEKESA: Basi tufundishe, dada. Polepole, maana kuna mtu anafua nguo huku anasikiliza.

AKINYI: Anza ukiwa umelala chali, magoti umeyakunja. Jifanye uko mbele za wakwe na upepo unataka kukutoka nyuma, unauzuia. Hapo umebana nyuma. Sasa ongeza mbele, kana kwamba unakatiza mkojo. Utahisi kitu kinavutwa ndani na kwenda juu. Matako yamelegea, mapaja yamelegea, unapumua kama kawaida. Shikilia ukihesabu hadi 5, kisha achia kabisa, na upumzike kwa hesabu hiyo hiyo. Kuachia ni nusu ya zoezi, usikuruke. Rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Ukizoea, utasogea hadi hesabu ya 10, na utayafanya ukiwa umeketi au umesimama dukani, hakuna atakayejua.

WEKESA: Nimesikia watu wakisema ufanye ukiwa chooni, ukatize mkojo.

AKINYI: Hapana. Usilifanye hilo kuwa mazoezi, kibofu kitajifunza kutokumaliza kazi yake. Na swali ambalo lazima litakuja: ni kwa muda gani? Miezi 3 isiyopungua. Hapo ndipo ninapowapoteza wagonjwa. Wiki ya pili anaona bado anavuja, anasema mazoezi ya yule daktari ni bure. Mwalimu, mtu akianza kubeba mchanga leo, mkono wake haunenepi kesho.

WEKESA: Kwa hiyo anayetusikiliza afanye tu, asihitaji kuja hospitali?

AKINYI: Aje, na nitakwambia kwa nini. Wapo wanawake ambao misuli yao haijalegea, imekaza kupita kiasi. Hao huumia wakati wa tendo la ndoa, huumia nyonga, wengine hupata taabu kuanza kukojoa. Ukimpa huyo mazoezi ya kubana, unamwongezea maumivu. Yeye anahitaji kufundishwa kuachia, kupumua mpaka chini ya tumbo. Kujua uko upande gani ni kazi ya kupimwa. Na upimaji huo una heshima yake. Utaelezwa kila hatua kabla haijafanywa, unaweza kuja na dada yako au mume wako, na ukisema basi, inakuwa basi. Hata kama hutaki kupimwa kwa ndani siku hiyo, bado kuna mengi tunayoweza kuanza nayo.

WEKESA: Kuna yule asiyevuja akikohoa, lakini akisikia tu maji ya bomba, lazima akimbie.

AKINYI: Hilo ni kundi lingine, kibofu kinachoharakisha. Hapa sokoni wako wengi. Choo ni cha kulipia na kuna foleni, kwa hiyo mama anakwenda kila anapopata nafasi hata kama hana haja, "nisije nikaaibika." Kibofu kinazoea kujaa kidogo tu, kisha kinapiga kelele. Au hanywi maji kutwa, na jua la Kisumu mnalijua. Mkojo unakuwa mkali, unakikera kibofu, haraka inazidi. Tunamrudisha polepole: kama huenda kila saa, aongeze dakika 15, akizoea aongeze nyingine. Haraka ikija, asikimbie. Asimame, abane mara kadhaa, ipungue, kisha atembee. Kwenda mara 6 hadi 8 kwa siku nzima ni sawa kwa mtu anayekunywa maji ya kutosha. Na chai apunguze kidogo, najua naongea na watu wa chai.

WEKESA: Chai tuachie, dada.

AKINYI: Punguza, sikusema uache. Lakini kuna jambo moja nisilosahau, na hili nalisema taratibu. Kama unavuja muda wote, usiku na mchana, bila kukohoa, bila haraka, na ilianza baada ya kujifungua kwa uchungu uliochukua muda mrefu mno, hiyo huenda ni fistula. Ni tundu kati ya kibofu na uke, na mazoezi hayaizibi. Inatibiwa kwa upasuaji. Eldoret kuna hospitali ya Gynocare inayofanya kazi hiyo. Usikae nyumbani ukidhani umelogwa au ni adhabu.

WEKESA: Sasa naomba nigeukie goti, kwa sababu la mama yangu nimelibeba moyoni. Mama yuko Bungoma. Magoti yalimsumbua, tukampeleka mahali, sitapataja. Hakuguswa goti. Aliambiwa, "Mama, ni uzee, pumzika," akapewa dawa za maumivu. Akapumzika kweli. Alimeza dawa hizo karibu kila siku kwa muda mrefu, mpaka tumbo likaanza kumchoma, na miguu ikazidi kuwa dhaifu. Akawa hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushikwa mkono.

AKINYI: Pole, Mwalimu. Dawa hizo za kutuliza uvimbe, kama diclofenac, zikimezwa kiholela huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Na kule kupumzika ndiko kulikommaliza misuli. Gegedu ya goti, ule utando laini mwishoni mwa mfupa, haina mishipa ya damu. Lishe yake inatoka kwenye ute ulio ndani ya goti, na ute huo husambaa goti linapotembezwa. Ukilifungia, unalinyima chakula. Na misuli ya paja la mbele ndiyo inayolipunguzia goti mzigo, nayo husinyaa upesi isipotumika.

WEKESA: Fizio aliyemwona baadaye alianza na kiti tu. Kiti cha mbao cha kawaida. Kusimama na kuketi, bila kushika kitu akiweza, mara 10, apumzike, arudie. Mama alilalamika kwamba linauma.

AKINYI: Na litauma kidogo. Kipimo ninachowapa ni hiki: maumivu ya wastani wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho yake, saa kama hiyo, yawe yamerudi kama yalivyokuwa. Yakibaki juu, umezidisha, punguza idadi. Alikuwa na fimbo?

WEKESA: Anayo. Goti baya ni la kulia, na fimbo alikuwa akiishika kulia.

AKINYI: Wengi hufanya hivyo. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa goti zima. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto, na viende pamoja, fimbo na mguu mbaya.

WEKESA: Ndivyo alivyorekebishwa. Krismasi iliyopita alitoka mwenyewe jikoni akiwa na sufuria ya ugali. Nilitoka nje kidogo, sikutaka anione.

AKINYI: Mpe salamu zangu. Unajua watu wakija wanaulizia mashine, ile ya umeme, ile ya joto. Zina mahali pake. Lakini kwa goti kama la mama, kiti kinafanya kazi kubwa zaidi, na kiti kiko nyumbani.

WEKESA: Vijana wa bodaboda walituma ujumbe mwingi kuhusu mgongo.

AKINYI: Kwa kifupi, usilale kitandani wiki nzima. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ukiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya muda, ujinyooshe. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo kama sehemu unayokalia imekufa ganzi, au mkojo au choo vimekataa kutii, au mguu umeanza kukosa nguvu. Na mgongo wenye homa, jasho la usiku na kukonda upimwe, kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

WEKESA: Na tunampataje mtaalamu wa kweli?

AKINYI: Hospitali kubwa za rufaa zina idara hii: Nakuru, Kakamega, na hapa kwetu Jaramogi, ile wenyeji wanaiita Russia. Ukienda kliniki ya binafsi, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa na sheria ya mwaka 2014. Hatakasirika. Mimi nikiulizwa, hufurahi.

WEKESA: Ujumbe wa mwisho unatoka Nakuru. Ni mwanamume, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, sasa anavuja na anauliza kama mazoezi haya ni ya wanawake pekee.

AKINYI: Wavu ule anao na yeye. Baada ya upasuaji huo, kuvuja hutokea sana miezi ya kwanza. Mpira wa mkojo ukishatolewa, amuulize daktari wake, kisha aanze kubana vile vile. Ajifikirie anavuta uume ndani kidogo huku akizuia upepo. Akiinuka kitini, abane kabla ya kuinuka.

WEKESA: Samahani, kuna mwingine umeingia sasa hivi. "Nilizaa pacha miaka 19 iliyopita. Je, nimechelewa?"

AKINYI: Hapana, mama. Hujachelewa. Leo usiku, watu wakishalala, lala chali, kunja magoti. Mara 8 tu. Kisha Jumatatu uende ukapimwe, na uliseme mapema, ukiwa bado umeketi kitini.