Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye

Nawashukuru kwa kufika. Haya nimeyasema mara nyingi na leo nayarudia, kwa sababu swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mwalimu, ninunue kamera ya megapikseli ngapi?" Tulimalize upesi. Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji megapikseli kama 9 tu, yaani nukta milioni 9 za picha. DSLR nyingi, yaani kamera za kubadilisha lenzi zenye kioo ndani, zinazouzwa sasa, mpya na zilizotumika, zimepita hapo. Jiulize utapiga picha za nini, na mwanga utakuwa kiasi gani.

Twende ukumbini usiku, harusini, taa hafifu. Mpigaji ana kamera mpya na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya kuvuta ya milimita 18-55. Amevuta hadi 55, na hapo tundu la lenzi halifunguki kupita f/5.6; namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi. Kamera inatafuta mwanga, inateremsha kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, mpaka 1/15 ya sekunde. Bibi harusi anageuka, picha inatoka na ukungu. Mwenye kamera anasema kamera mbovu, anaanza kuweka akiba ya kununua nyingine. Akiinunua, anaifungia lenzi ile ile! Jambo hili linaniudhi, sifichi.

Sasa chukua lenzi ya milimita 50 isiyovuta, f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata karibu 10. Mwanga mara kumi, kwenye kamera ile ile uliyotaka kuitupa! Shata inapanda kutoka 1/15 hadi karibu 1/150, na bibi harusi akigeuka uso wake unabaki mkali.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi nitapandisha ISO," yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Pandisha, sikukatazi. Lakini kama ulikuwa ISO 1600, kufidia tofauti hiyo kutakupeleka 16000, chenga zijae usoni na rangi ya ngozi ipauke. Mwingine anasema lenzi yake ina kituliza mtikisiko. Kinatuliza mkono wako wewe, ndugu yangu, hakimtulizi anayecheza mbele yako! Kwa jengo au mandhari kinafaa sana. Kwa watoto wanaokimbia hakikusaidii kitu. Na wapo wanaosema kwamba f/1.8 inafanya eneo lililo kali liwe jembamba mno, jicho lionekane na sikio lipotee. Hilo ni kweli. Basi chagua mwenyewe nukta ya fokasi, pale kamera inapolenga ukali, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, usiiachie kamera ikuchagulie.

Kabla hujalipa, hakikisha lenzi inakubaliana na kamera. Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF, yaani za fokasi ya kujiendesha, zisizo na mota yake zitakulazimu uzungushe fokasi kwa mkono. Lenzi za Canon EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, hazifungi kwenye kamera za sensa kamili; sensa ni kile kibapa cha ndani kinachopokea picha. Tena, kwenye sensa ndogo 50 huona kama 75 kwa Nikon na kama 80 kwa Canon, kwa hiyo chumbani utagonga mgongo ukutani. Huko nunua 35.

Naona muda unakwisha, basi matatizo haraka. Madoa yanayorudi mahali pale pale katika kila picha ni vumbi kwenye sensa. Weka f/16, piga ukuta mweupe, utayaona. Betri ikiwa imejaa, inua kioo kwa menyu ya usafishaji, pulizia kwa pampu ya mpira. Mdomo hapana, mate yataingia! Fokasi ikikosea kila mara, weka kamera kwenye tripodi, piga ukitazama kwenye tundu la kutazamia, lile la jicho, kisha piga kwa skrini. Ya skrini ikiwa kali na ya tundu la kutazamia si kali, lenzi yako haina kosa la ukali: ukipiga kwa tundu hilo, kamera hutumia kipimo kingine cha fokasi kilicho chini ya kioo, nacho kimepishana na sensa. Baadhi ya kamera zina marekebisho yake kwenye menyu. Kama yako haina, mpelekee fundi kamera na lenzi pamoja.

Kuvu ndani ya lenzi nilitaka kuieleza, haitawezekana leo. Aliyekuja na kamera yenye madoa aje nayo mbele, pampu ninayo.