Moyo Unadunda, Miguu Inawaka Moto: Mazungumzo na Wakazi wa Mbagala

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mliokaa kule mlangoni sogeeni mbele, feni iko huku.

Kliniki hakupiti siku bila mtu kusema, "Daktari, moyo unanienda mbio," au "mikono na miguu inakufa ganzi." Na wengi mnafika mkiwa na jibu tayari. Moyo ukidunda, ni presha. Presha ikipimwa ikawa sawa, basi ni gesi. Miguu ikiwaka moto, umekanyaga dawa ya mtu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kuna wanaokaa na jibu hilo miaka, sukari inapanda kimyakimya.

Mimi leo nina neno moja: maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza. Mashine ya ECG inasoma umeme wa moyo kwa muda mfupi tu, pale pale ulipolala kitandani. Ukipimwa moyo ukiwa umeshatulia, karatasi itatoka safi, uambiwe huna kitu, uondoke umenuna. Kipo kifaa cha kuvaa saa 24 kinachorekodi kila pigo, na wataalamu wa kukisoma wapo, kama pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Ila daktari wa zahanati hawezi kujua kama unakihitaji usipomweleza vizuri.

Hebu kila mtu anyooshe mkono wa kushoto, kiganja kitazame juu. Chukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, uviweke kwenye kifundo upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba kupimia, lina mapigo yake litakuchanganya. Mama pale, usikandamize sana, gusa tu. Umeyapata? Haya, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Sasa kwa mkono mwingine gonga kiti kufuata mapigo uliyokuwa unayasikia. Hicho ndicho tunachokitaka siku moyo ukikuanza: idadi, na mdundo wake. Unakwenda haraka lakini kwa mpangilio? Umeanza ghafla na kukata ghafla? Au unakwenda ovyo, pigo hapa, pigo pale, hakuna mpangilio kabisa? Huu wa ovyo usiuchezee. Damu inaweza kutuama ndani ya moyo ikaganda, bonge likapanda kichwani, ukapata kiharusi. Lile pigo moja linaloruka halafu linafuatwa na kishindo kifuani mara nyingi halina madhara, ingawa linatisha.

Andika na ulichokunywa. Vijana wa bodaboda wanashinda na vinywaji vya kuongeza nguvu, wakifika nyumbani wanashangaa moyo haulali. Mwenye pumu naye akivuta salbutamoli atasikia moyo unadunda na mikono inatetemeka. Ni dawa hiyo, si ugonjwa mpya.

Tuje kwenye ganzi. Hapa swali langu la kwanza ni: wapi? Msusi au fundi cherehani anaamka usiku anakung'uta mkono, ganzi iko dole gumba, cha shahada na cha kati, kidole cha mwisho kizima. Huyo mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Hiyo si ganzi ya mtu ambaye nyayo zote mbili zinawaka, usiku hataki hata shuka imguse, na siku hizi kandambili inamvuka njiani hana habari mpaka mtoto amwambie, "Bibi, umeacha kiatu." Huyo nampima sukari kabla sijauliza lingine. Nitauliza pia pombe. Nitauliza kama yuko kwenye dawa za TB, maana isoniazidi inaingilia kazi ya vitamini B6, ndiyo sababu wagonjwa hupewa piridoksini, yaani hiyo B6, pamoja nayo. Na hapo hapo niwaonye: vidonge vya vitamini B mnavyojinunulia duka la dawa kila mkisikia ganzi, B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu.

Vyote viwili vikija pamoja je? Yapo magonjwa yanayogusa huku na kule. Upungufu wa vitamini B12 unaleta ganzi, na damu ikipungua moyo unakimbia kufidia. Vitamini hiyo iko kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa, mchicha hauna. Sukari ya muda mrefu inaunguza mishipa ya fahamu ya miguu na hata ile inayoongoza moyo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda na huku unakula vizuri. Jasho silitaji, Dar nani hatoki jasho?

Halafu ipo hofu. Mtu ameambiwa ana hofu anaona ametukanwa, ameitwa mwongo. Sikilizeni. Ukishikwa na wasiwasi ndani ya daladala iliyoshona, unahema haraka bila kujijua. Unatoa hewa ya kaboni nyingi mno, hali ya damu inabadilika, madini ya kalsiamu yaliyo huru kwenye damu yanapungua, mishipa ya fahamu inasisimka. Midomo inachonyota, vidole vinachomachoma, wengine vinajikunja vyenyewe. Hayo yanatokea mwilini kweli. Kaa, vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole kuliko ulivyoivuta, mpaka vidole viachie. Kupumulia ndani ya mfuko wa nailoni usithubutu.

Ila hofu huwa tunaitaja baada ya kupima mengine, si kabla. Na ukizimia moyo ukienda mbio, ukibanwa kifua au kukosa pumzi, usingoje kesho. Vilevile ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo ukaenda kombo au maneno yakapotea. Ganzi inayopanda kutoka miguuni huku miguu inalegea, au inayokuja na kushindwa kuzuia mkojo, nayo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye ganzi ya sukari, jioni kabla ya kulala kaa kwenye mwanga utazame nyayo, na kati ya vidole. Huoni vizuri, mwite mjukuu. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kokoto inaweza kukutafuna kutwa nzima usiisikie. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, miguu itakudanganya.

Kuna karatasi imeletwa hapa, naisoma: "Natumia metformini ya sukari miaka mingi, nimesikia inaleta ganzi, niache?" Usiache, mama. Ni kweli ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza B12 mwilini, lakini sukari isiyodhibitiwa itakuharibu miguu haraka zaidi. Nenda kliniki yako na dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile za mitishamba, umwambie daktari una ganzi na umetumia metformini tangu lini. Muulize kuhusu B12. Ikiwa imepungua, unaongezewa kwa sindano au vidonge, na metformini unaendelea nayo.